Barua ya wazi kwa wasimamizi wa kura: aliyeko Jeddah anapiga kura wapi?

Mtaa wa Langoni,
Lamu.

Kwa:
Mwenyekiti na Makamishna, Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka (IEBC);
Waziri anayesimamia mambo ya nje na Wakenya walioko ng'ambo;
Maseneta na Wabunge wa kamati zinazoshughulikia sheria za uchaguzi.

KUH: KURA YA MAONI NA WAKENYA WANAOISHI NG'AMBO

Waheshimiwa,

Assalaam aleikum. Baada ya salamu na heshima zenu:

Barua hii ilikusudiwa kusomwa afisini, si hadharani. Familia kadhaa za hapa Lamu zenye watoto Saudia, Omani na Qatar ziliandikia afisi moja ya serikali kuuliza jambo jepesi: nchi ikiitwa kwenye kura ya maoni, watoto wetu walioko Arabuni watapigia wapi? Tulijibiwa kwamba barua imepokewa. Tukangoja. Tukaandika tena, safari hii tukampa mheshimiwa mmoja aipeleke kwa mkono, akatuahidi kulifuatilia, na baada ya hapo simu yake ikawa haishikwi. Afisi hiyo siitaji, wala mheshimiwa huyo simtaji. Sitaki suala la watu maelfu ligeuke ugomvi na karani mmoja. Lakini mlango wa ndani umeshindikana, ndiyo maana naongea barazani.

Nitazungumzia hasa kura ya kuamua uhuru wa nchi au mipaka yake, kwa kuwa hakuna kura iliyo nzito kuishinda. Rais asiyefaa hutumikia miaka yake akaondoka. Mpaka ukishachorwa, wajukuu huukuta pale pale. Na msiseme jambo hili halituhusu. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 255, imeorodhesha mambo ambayo Bunge peke yake haliwezi kuyabadilisha mpaka wananchi waulizwe, na eneo la Jamhuri ni mojawapo. Sisemi kuna mtu anayetaka kuimega Kenya, wala mimi simo katika kundi kama hilo. Nasema hivi: sheria ya nani apige kura ya aina hiyo iandikwe sasa, wakati hakuna anayeihitaji. Ikingojwa hadi siku ya kuhitajika, kila upande utataka kuiandika kwa faida yake.

Malalamiko yetu ni haya.

1. Kigezo cha makazi kinatumika pasipofaa.

Hoja tunayoambiwa mara nyingi, na hata wasomi wetu huitoa, ni kwamba kura ya hatima ya nchi ni ya yule anayeishi ndani yake. Mfano unaotajwa haraka ni Uskoti. Tarehe 18 Septemba 2014 watu wa Uskoti waliulizwa kama nchi yao iwe huru. Waliopewa kura ni wakaazi wa pale wenye umri wa miaka 16 na kuendelea. Mskoti aliyezaliwa Glasgow akahamia London hakuwa na kura. Mwigizaji Sean Connery, aliyeupigania uhuru huo kwa maneno na kwa mali yake, alikuwa akiishi Bahamas, naye hakuwa na kura. Lakini Mkenya aliyekuwa akiishi Glasgow kwa kibali halali aliruhusiwa kupiga, kwa kuwa nchi yetu ni mwanachama wa Jumuiya ya Madola. Yaani kijana wa Mkomani, hapa Lamu, angeweza kuamua kama Uskoti iwe nchi au isiwe, ilhali Mskoti wa damu anatazama matokeo kwenye televisheni. Asilimia 55 walikataa uhuru, asilimia 45 wakaukubali, na waliojitokeza walikuwa karibu asilimia 85 ya walioandikishwa.

Watu hukisikia kisa hiki wakacheka. Mimi naiona ile sheria ilikuwa na mantiki yake. Mskoti wa London alikuwa na kura ya bunge pale pale London na kura ya baraza la mji. Hakuachwa bila sauti. Alipoteza kura ya Glasgow lakini mahali alipohamia palikuwa pamempa nyingine, na yule Mkenya wa Glasgow naye akapewa kura ya mahali anapolipa kodi ya nyumba na kusomesha watoto. Ni ubadilishanaji wa haki.

Sasa kichukueni kigezo hicho hicho mkipeleke Jeddah, Saudia. Msichana wa Lamu anayefanya kazi za nyumba kule yuko chini ya mfumo wa kafala; kibali chake cha kukaa kimefungwa na jina la mwajiri. Hata akikaa miaka ishirini, hatakuwa raia na hataulizwa chochote kuhusu nchi ile. Hana kura aliko, na mnapomwambia kwamba kura ya nyumbani ni ya wakaazi wa nyumbani, mnamwacha asiwe na kura popote chini ya jua. Kigezo cha makazi ni cha haki pale tu makazi yanapoleta kura. Mahali ambapo makazi hayaleti kura, kinachobaki ni adhabu ya kusafiri.

Na hapa ndipo mpango wetu ulipokaa kichwa chini. Mwaka 2013 Wakenya wa ng'ambo walipiga kura katika nchi za Afrika Mashariki tu: Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi. Mwaka 2017 ikaongezwa Afrika Kusini. Mwaka 2022 nchi zikafika 12, kwa kuongezwa Uingereza, Marekani, Kanada, Ujerumani, Qatar, Falme za Kiarabu na Sudan Kusini. Tunashukuru kwa kila moja. Lakini angalieni: Mkenya wa London, kwa uanachama wa Madola, anaruhusiwa kumchagua mbunge wa Uingereza, na juu yake mkampelekea kituo cha kumpigia rais wa Kenya. Ana kura mbili. Simwonei kijicho. Ila Saudi Arabia, ambako wamejaa watoto wa Pwani nzima, kuanzia Lamu hadi Kwale, haikuwemo. Omani haikuwemo. Nchi zisizoweza kumpa Mkenya kura ya aina yoyote ndizo zilizostahili kuwa za kwanza kwenye orodha.

Kwa majirani zetu wa Malindi jambo hili liko wazi machoni kila mara Italia inapokuwa na kura. Waitaliano wanaoishi pale wana sheria ya nchi yao ya mwaka 2001 inayowaruhusu kupiga kura kwa posta wakiwa ng'ambo, hata kura ya maoni. Mzee wa Kiitaliano anayeishi karibu na ufuo wa Malindi hahitaji kwenda Roma. Mwenye nyumba wake Mgiriama, ambaye mwanawe yuko Dammam, Saudia, anaona yote hayo na hana la kumwambia mwanawe.

2. Majirani zetu waliweza, na wengine walipigia hapa hapa kwetu.

Kuna bandari hapa Lamu. Tarehe 2 Machi 2012 Rais Kibaki alikuja kuizindua, akiwa na Rais Salva Kiir wa Sudan Kusini na Waziri Mkuu Meles Zenawi wa Ethiopia. Jina la mradi wenyewe, LAPSSET, yaani njia za uchukuzi za Bandari ya Lamu, Sudan Kusini na Ethiopia, limebeba Sudan Kusini ndani yake. Wavuvi wetu walipoteza maeneo yao ya kuvulia kwa ajili ya bandari hiyo, hata Mahakama Kuu ya Malindi mwaka 2018 ikaamuru walipwe shilingi bilioni 1.76. Kwa hiyo mtu wa Lamu akisikia kura ya uhuru wa Sudan Kusini haoni habari ya mbali, anaona gati.

Kura ile ilipigwa kuanzia tarehe 9 hadi 15 Januari 2011. Walioulizwa hawakuwa wa Juba na Malakal peke yao. Wasudan Kusini walipigia katika nchi nane za nje: Kenya, Uganda, Ethiopia, Misri, Uingereza, Marekani, Kanada na Australia, na wale waliokuwa Khartoum na kaskazini nao wakapiga. Shirika la Kimataifa la Uhamiaji lilisimamia vituo vya nje. Matokeo yalikuwa asilimia 98.83 kutaka kujitenga, na tarehe 9 Julai mwaka huo bendera mpya ikapanda. Serikali yetu iliruhusu mkimbizi aamue mustakabali wa nchi yake akiwa katika ardhi ya Kenya. Ilifanya vizuri. Ninachouliza ni mbona ukarimu tuliompa mgeni hatujampa mwana wa nyumbani.

Kabla ya hapo ilikuwa Eritrea. Wao walipiga kura ya uhuru tarehe 23 hadi 25 Aprili 1993, baada ya vita vya miaka thelathini vilivyowatawanya kila pembe. Walipigia Sudan, walipigia Ethiopia yenyewe waliyokuwa wakijitenga nayo, na walipigia Saudi Arabia. Narudia kwa ajili ya wale wanaotuambia Saudia haiwezekani: mwaka 1993, kabla ya simu za mkononi kuenea, maelfu ya kura za Waeritrea zilihesabiwa kutoka Saudi Arabia.

Timor ya Mashariki nayo, tarehe 30 Agosti 1999, chini ya Umoja wa Mataifa, iliweka vituo Ureno, Australia, Macau, Marekani, hata Maputo, pwani hii hii yetu ya Bahari ya Hindi. Asilimia 78.5 walikataa kubaki na Indonesia. Kule hata mtu aliyezaliwa nje aliruhusiwa, mradi mzazi wake mmoja alizaliwa Timor. Bougainville, kisiwa kilicho chini ya Papua New Guinea, mwaka 2019 ikawafuata watu wake Australia na Visiwa vya Solomon. Hizi zote ni sehemu maskini au zilizotoka vitani. Hakuna hata moja iliyokuwa na bajeti ya uchaguzi kama yetu.

Mfano wa kuuogopa ni Montenegro. Tarehe 21 Mei 2006 walipiga kura ya kuachana na Serbia. Sharti lilikuwa asilimia 55, na waliotaka uhuru wakapata 55.5. Wamontenegro waliohamishia makazi yao Serbia hawakuruhusiwa kupiga. Waliokuwa mbali zaidi lakini majina yao bado yamo daftarini waliruhusiwa, kwa sharti la kurudi wenyewe, wakaja kwa ndege. Katika kura iliyoamuliwa kwa nusu asilimia, nauli ilikuwa na sauti. Sisi pia tumo humo humo. Mtoto wa tajiri aliyeko Muscat, Omani, atakata tiketi, atue uwanja wa ndege wa Manda asubuhi, apige kura, arudi. Yaya wa Riyadh ambaye pasipoti yake imo katika kabati la mwajiri hatatua popote.

3. Asilimia 20 ya kaunti.

Jambo hili sijalisikia likizungumzwa, nami naliona ndilo lenye madhara ya moja kwa moja kwa kaunti ndogo kama yetu, kwa hivyo naomba mnisikilize kwa utulivu.

Kifungu hicho cha 255 hakitaki wingi wa kura pekee. Kinataka pia kwamba, katika angalau nusu ya kaunti, waliopiga kura wasipungue asilimia 20 ya walioandikishwa katika kila moja. Sasa chukueni kijana wa Faza. Aliandikishwa hapa, jina lake limo katika daftari la Lamu. Kisha akapata mkataba akaenda Saudia. Siku ya kura yuko Saudia, kituo hakuna. Katika hesabu ya walioandikishwa yumo. Katika hesabu ya waliopiga hayumo. Anaishusha asilimia ya kaunti yake bila kutaka.

Mwingine ameandikishwa Doha. Katika uchaguzi wa rais kura za ng'ambo huhesabiwa kando, kama kaunti ya 48, juu ya zile 47 zilizopo. Kwa rais haidhuru kitu kikubwa. Kwa kura ya maoni inadhuru: kura yake ikihesabiwa hivyo hivyo itaingia katika jumla ya taifa, lakini Lamu haitapata chochote kwake katika ile asilimia 20. Kaunti yenye wapigakura wachache kuliko zote nchini haina watu wa kupoteza hivi.

Wasudan Kusini walilijua hili mapema. Kura yao ilikuwa halali tu endapo asilimia 60 ya walioandikishwa wangejitokeza, na hofu ikawa kwamba watu wataandikishwa kaskazini halafu wazuiwe kupiga, kura nzima ianguke. Viongozi wao wakawahimiza walioko kaskazini warudi kuandikishwa kusini. Wao waliliona shimo kabla ya kutembea. Sisi tumelichimba kwenye Katiba na hatujaliwekea hata kibao.

4. Aliyefukuzwa si sawa na aliyehama.

Watu wa Lamu hatuhitaji kufundishwa hili. Katika vita vya Shifta vya miaka ya 1960, vya waliotaka kuitenga kaskazini mashariki ya Kenya, Wabajuni wa vijiji vya bara, kule upande wa Kiunga, walikimbia wakaacha mashamba na visima. Wengine waliingia visiwani, wengine Malindi na Mombasa, na vipo vijiji ambavyo hadi leo ni magofu na mibuyu. Lau mtu angekuja mwaka 1968 akauliza kwa kura mustakabali wa ardhi ile, akasema wapige wanaoishi pale, angeulizwa nani? Mwenye bunduki aliyebaki.

Ndiyo maana Sahara Magharibi kura iliyoahidiwa tangu ujumbe wa Umoja wa Mataifa ulipoundwa mwaka 1991 haijapigwa mpaka leo. Walikwama kwenye swali la nani ni mpigakura, kati ya waliobaki, walioletwa na waliokimbilia kambi za Algeria. Swali hilo likiachwa hadi baada ya ugomvi, halijibiki.

Na nisipite bila kusema kuhusu mwambao wetu wenyewe, ingawa najua kuna watakaonikunjia uso. Mwaka 1961 Sir James Robertson aliletwa kuchunguza hatima ya ukanda wa pwani uliokuwa chini ya Sultani wa Zanzibar, Lamu ikiwemo. Alisikiliza wajumbe, akapendekeza uunganishwe na Kenya. Tarehe 8 Oktoba 1963 Jomo Kenyatta na Mohamed Shamte, Waziri Mkuu wa Zanzibar, wakatia saini London. Debe halikuletwa Lamu. Sifufui madai, mimi ni Mkenya na wanangu ni Wakenya. Ninawakumbusha tu kwa nini neno la kuulizwa lina uzito wa pekee huku kwetu.

5. Mwaka 2010 mfungwa alipiga kura, baharia hakupiga.

Hili nalipitia haraka. Katiba tunayoitegemea sote ilipitishwa kwa kura ya maoni ya tarehe 4 Agosti 2010. Wafungwa walitetewa mahakamani, wakashinda, wakapigia gerezani. Haki yao, na sipingi. Wakenya walioko ng'ambo waliambiwa haiwezekani. Baharia wa Lamu aliyekuwa melini hakuwa na kosa lolote, na alikuwa na haki ndogo kuliko mwizi wa gereza la Shimo la Tewa.

Sasa nizijibu sababu ambazo najua mtazileta, kwa kuwa nimeshazisikia.

Mtasema Katiba, kifungu cha 82, inataka haki hii itekelezwe hatua kwa hatua, na Mahakama ya Juu mwaka 2015 ikakubaliana na hilo. Kweli. Lakini hatua ni kutembea. Kutoka 2013 hadi 2022 ni miaka tisa, na kwa mtu wa Saudia haikupigwa hata moja. Mtasema kanuni zilizopo tayari zinamruhusu Mkenya wa ng'ambo kupiga kura ya rais na ya maoni. Pia kweli, na ndipo uchungu unapozidi: haki imo kwenye karatasi, kituo hakimo kwenye ramani.

Mtasema gharama. Mwaka 2024 Wakenya walioko nje walituma nyumbani zaidi ya dola bilioni 4.9, na serikali huzitaja fedha hizo kila bajeti inaposomwa. Siungi mkono wazo la kumuuzia mtu kura kwa fedha anazotuma; Eritrea iliwatoza watu wake wa nje asilimia mbili ya mapato, na nisingependa tuige. Lakini nchi inayomhesabu mtu kwenye mapato haiwezi kumwona ni mzigo kwenye matumizi.

Mtasema ni wachache: mwaka 2022 walioandikishwa ng'ambo walikuwa 10,443 kati ya wapigakura zaidi ya milioni 22. Mtu akifunga duka halafu akalalamika hakuna wateja, tutamwambiaje? Andikisheni watu ubalozini Riyadh kwa siku chache za kazi, wakati ambao wanawake wa majumbani wako jikoni kwa waajiri wao, na idadi itakuwa ndogo vile vile. Pelekeni mashine Jeddah na Dammam, siku ya Ijumaa, ndipo tuzungumze idadi.

Mtasema nchi ya watu haiwezi kukubali kura za kigeni ndani yake. Qatar na Falme za Kiarabu zilikubali mwaka 2022. Saudia ilikubali ya Waeritrea. Je, tumewahi kuiomba?

Sababu moja naiheshimu, nayo ni ile ya kwamba aliye mbali haishi na matokeo. Ina ukweli ndani yake. Mtu aliyezaliwa Toronto, babake akazaliwa Toronto, ambaye Lamu ameiona kwenye picha za Maulidi tu, sioni kwa nini aje kuamua mpaka wa nchi ambayo hatailalia usiku mmoja. Timor iliwapa kura watoto wa waliokimbia kwa sababu walifukuzwa kwa vita; sisi hatuna sababu hiyo. Katika hili najua nitakosana na baadhi ya jamaa zangu wenyewe. Lakini msiuchukue mfano wa mjukuu wa Toronto mkamfungia mlango mfanyakazi wa mkataba wa miaka miwili. Yeye anarudi. Anajenga Langoni, anasomesha Matondoni, akifa huko mwili wake tunaupigania urudishwe. Ataishi na matokeo ya kura hiyo kuliko waziri yeyote atakayeipigia kampeni.

Tunachoomba ni hiki:

(a) Saudi Arabia na Omani ziingizwe katika orodha ya nchi za kupigia kura kabla ya daftari kufungwa kwa ajili ya uchaguzi wa 2027, na vituo visiwe vya ubalozini peke yake. Ikiwa mmeshaamua, tangazeni miji na siku.

(b) Katika kuchagua nchi, kigezo cha kwanza kiwe kama Mkenya ana kura yoyote kule anakoishi. Idadi ifuate baadaye.

(c) Bunge litunge sheria ya kura ya maoni itakayosema wazi nani kati ya walioko ng'ambo anapiga kura, na sheria hiyo isiguswe pindi swali la kura likishatangazwa.

(d) Kura ya maoni inayopigwa ng'ambo ihesabiwe katika kaunti ambako mpigakura aliandikishwa mwanzo au alikozaliwa, ili ile asilimia 20 isituumize. Kama Katiba inazuia, tuelezwe ni kifungu gani.

(e) Mabaharia wenye vitambulisho vyao waandaliwe utaratibu wa kupiga kura mapema bandarini, Mombasa na Lamu.

(f) Barua hii ijibiwe kwa maandishi, kwa Kiswahili. Wazazi wengi wa watu ninaowazungumzia hawasomi Kiingereza, nao ndio watakaouliza.

Tukikosa jibu hadi mkao ujao wa Bunge, tutawasilisha ombi rasmi kwa Seneti chini ya kifungu cha 119 cha Katiba, ambacho kinampa kila mtu haki hiyo. Saini tumeshaanza kukusanya, Lamu na Malindi.

Wenu katika kulitumikia taifa,

Mwalimu mstaafu,
kwa niaba ya familia za Langoni, Mkomani na Faza.

Nakala:
Gavana wa Kaunti ya Lamu;
Seneta, Mwakilishi wa Wanawake na Wabunge wa Lamu;
Mbunge wa Malindi;
Misikiti na makanisa, yasomwe baada ya ibada kwa atakayependa.